Mia ya Jenista

Osward Silwimba alikuwa mtu wa maneno. Kijiji kizima cha Msangano kilijua hivyo, na yeye mwenyewe alijua, tena alijua kupita kiasi. Msibani aliwachekesha wafiwa mpaka wakasahau kulia. Harusini watu waligombania kukaa karibu naye. Sasa mtu wa namna hiyo, jamani, siku akikosea hakosei kimyakimya.

Mwaka 2013, masika yakielekea kuisha, ilikuja habari kutoka Tunduma kwamba ukuta wa nyumba ya marehemu baba yao, mtaa wa Sogea, umepigwa rangi nyekundu: LIPA KODI YA JENGO. Mzee Rubeni alikuwa amewaachia nyumba ile watoto wake watatu kwa pamoja. Osward ndiye mkubwa, mkulima wa mpunga. Wa katikati, Amoni, alikuwa machimboni Galula akitafuta dhahabu ambayo haikuwa na haraka ya kuonekana. Kitinda mimba, Jenista, aliolewa ng'ambo ya mpaka, Nakonde, upande wa Zambia, akafiwa na mume hukohuko, akabaki anauza dagaa sokoni. Kodi haikuwa imelipwa miaka mingi, kila mmoja akidhani mwenzake ameshughulikia, na vijisenti vya mpangaji vikiishia kwenye kuziba bati. Pamoja na faini, deni lilifika shilingi elfu tisini. Wasipolipa mpaka mwisho wa mwezi wa nne, shauri linakwenda mahakamani.

Wakakubaliana kwa simu: elfu thelathini kila mtu. Osward, kwa ukubwa wake, akaongeza la kwake.

"Tusikilizane. Asiyetoa asije akaniambia habari za nyumba ya baba. Nyumba ya baba ni ya mlipa kodi."

Neno lile lilimnogea mwenyewe, akalirudia kwa mkewe, kwa jirani na kwa fundi baiskeli.

Amoni alituma kwa simu. Jenista hakuweza, maana pesa ya simu ya Zambia haikuvuka mpaka, kwa hiyo akamtumia Scola, mama mmoja mnunuzi wa mchele aliyezoea kufika Msangano. Scola alileta kifundo cha kitambaa kilichokazwa barabara. Hakukifungua, si chake. Alimkabidhi Osward Jumamosi jioni, akaendelea na safari yake ya kusaka mchele.

Osward angeweza kukifungua palepale, peke yake. Lakini kesho yake ilikuwa Jumapili, ndugu na majirani wangepita kwake wakitoka kanisani, na yeye alipenda mambo ya familia yaonekane yanakwenda. Basi akasubiri watu wajae uani, togwa limeshagawiwa, ndipo akafungua.

Ndani mlikuwa na noti moja. Moja tu, ya kwacha mia.

Osward kwacha aliijua. Enzi za ujana wake alipeleka ng'ombe Nakonde, akarudi na kwacha za kubeba kwenye mfuko wa salfeti. Mia moja? Mia moja hukununua hata kibiriti. Ukiiona imeanguka njiani, unaipita. Damu ikampanda. Mdogo wake wa tumbo moja, aliyembeba mgongoni, anamtumia takataka mbele za watu!

Hasira ya Osward kwa kawaida yake ilitokea mdomoni ikiwa imevaa kichekesho. Akaiinua ile noti juu.

"Jamani, njooni mshuhudie! Dada yangu amelipa kodi ya nyumba! Tena ametoa nyingi, msije mkanishtaki kwa kumdhulumu. Amoni arudishiwe chenji!"

Uani pakalipuka kicheko. Noti ikapita mkono kwa mkono, mmoja akiinusa, mwingine akiiweka kichwani kama kofia. Mkewe, Tukuswiga, ndiye pekee aliyeitazama kwa makini.

"Baba Lusungu, mbona noti yenyewe mpya hivi? Na Jenista si mtu wa dharau. Mpigie umuulize kwanza."

"Nimuulize nini? Kwacha nimeanza kuishika wewe bado unachezea udongo kwenu Ileje."

Wakacheka tena, safari hii wakimcheka Tukuswiga, naye akakusanya vikombe akaingia ndani.

Jumatatu alfajiri Osward alimkuta Scola anapakia magunia, akamrudishia kifundo kilekile, kimefungwa vilevile. "Mwambie Jenista awanunulie wajukuu pipi. Na nyumba ya baba aisahau." Scola alikipokea, akapanda gari.

Ingekuwa imekwisha, kama si mdomo wa watu. Msangano walilipenda neno. Mnadani, mtu akitaja bei ya kijinga, anajibiwa: "Usinipe mia ya Jenista, bwana!" Sadaka ikiwa ndogo, ni mia ya Jenista. Mpaka watoto waliocheza mpira wa makaratasi walimwambia hivyo mwenzao akipiga shuti la uvivu. Osward alikuwa akilisikia anatabasamu, kama mtu anayesikia wimbo aliotunga mwenyewe.

Akauza beberu ili kufidia fungu la dada yake, akaenda Tunduma kulipa.

Alifika kabla ofisi za halmashauri hazijafunguliwa. Akakaa kwenye benchi la mama chai karibu na mpaka, pale wanapokaa vijana wa kubadili fedha na mabunda yao mapajani. Malori yamepanga foleni, bodaboda zinapenya katikati. Na Osward akiona watu wamekaa bure, mdomo unamwasha. Akamsimulia hadithi yake kijana mmoja aliyekuwa jirani naye, Brayson, na aliisimulia vizuri, pamoja na ile ya Amoni kurudishiwa chenji.

Brayson hakucheka. Akachomoa noti kwenye bunda lake. "Ilikuwa kama hii, mzee wangu?"

"Hiyohiyo!"

"Mpya mpya hivi?"

"Nakwambia hiyohiyo! Si ndiyo dharau yenyewe?"

Kijana akashusha sauti, kwa adabu, jambo ambalo lilimtisha Osward kuliko kama angepigiwa kelele. "Baba, Zambia wamebadilisha pesa tangu Januari. Wamekata sifuri tatu. Hii mia ndiyo ile laki moja ya zamani. Ukinipa hii sasa hivi nakupa elfu thelathini, na ukibembeleza kidogo naongeza."

Osward aliiangalia ile noti. Aliona ua wake, aliona noti imewekwa kichwani kama kofia, alimwona Tukuswiga akikusanya vikombe. Loo, aibu! Alitamani benchi limmeze, lakini mabenchi ya mama chai hayamezi mtu.

"Wengi hawajazoea," Brayson alisema kumpoza.

"Alitoa kamili," Osward alisema. "Alitoa yote kamili." Akainuka akasahau kulipa chai, ikabidi mama chai amwite.

Kwenda Nakonde ni kuvuka tu. Alimkuta Jenista sokoni. Meza aliyoizoea imejaa dagaa sasa ilikuwa na mafungu machache yaliyoachiana nafasi, akajua bila kuambiwa mtaji ulikokwenda. Jenista alipomwona alipiga goti, akapiga makofi yale ya taratibu, kama mama yao alivyowafundisha kumpokea mkubwa. Osward hakujua aweke wapi macho.

"Umekula, kaka?"

"Mdogo wangu, nimekuja..."

"Najua ulichojia. Scola aliniambia neno kwa neno. Na wengine wanaokuja kununua huku wameniambia kwamba nimekuwa msemo."

Alisema huku akifukuza nzi kwenye dagaa, bila kupandisha sauti. Osward alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, magoti yakimgonga kidevu.

"Sikujua kama pesa imebadilika. Nisamehe. Nilidhani ni ile ya zamani."

"Sawa, pesa hukuijua. Na mimi je, kaka? Mimi pia hukunijua?"

Machozi yalimlenga msemaji wa Msangano, mzee mzima, katikati ya soko la watu. Akaingiza mkono mfukoni akatoa pesa ya beberu. "Nitakulipia mimi. Ile yako kanunulie mzigo. Tafadhali."

"Hapana."

"Jenista, tafadhali."

"Ukinilipia leo, kesho nyumba ya baba ni ya mlipa kodi. Si ndivyo ulivyosema?" Akachomoa kifundo kwenye pindo la kitenge. Kilikuwa kilekile, kimefungwa vilevile, hakikufunguliwa tangu Scola alipokirudisha. "Hii ndiyo kodi yangu. Kalipe. Risiti iandikwe majina yote matatu, na unitumie nakala. Na yale uliyoyasema mbele za watu usiyafutie hapa kwenye dagaa zangu. Kayafutie kulekule."

Akampa samaki wakavu wa kumpelekea Tukuswiga, na hao ndio waliomchoma Osward kuliko maneno yote.

Alirudi kwa Brayson, akabadilisha. Ilitoka elfu thelathini na mia tano. Akalipa kodi, akasimama dirishani mpaka jina la Jenista likaandikwa kwenye risiti kama alivyotaka. Njia nzima ya kurudi alikuwa akiyapanga maneno yake, kwa mara ya kwanza maishani bila utani ndani yake. Kituoni Msangano mpiga debe alikuwa akigombana na abiria: "Mia ya Jenista sipokei!" Watu walimgeukia Osward, wakingoja acheke. Aliinamisha kichwa akapita.

Jumapili, wakati wa matangazo, aliomba nafasi. Mchungaji akampa huku anatabasamu, maana Osward akisimama hata wazee waliosinzia huamka. Alikwenda mbele na risiti mkononi.

"Wapendwa," alisema, "nina neno kuhusu ile mia ya Jenista."

Kanisa lote likaangua kicheko. Akina mama walishikana mabega, kwaya ikapiga vigelegele. Tukuswiga peke yake, kwenye benchi la tatu, alikuwa amemkazia macho mumewe. Osward akasubiri wanyamaze. Hawakunyamaza, kila walipomwona amekaza uso walidhani ndio utani wenyewe.

"Ilikuwa elfu thelathini," alisema. "Alitoa kamili. Mjinga nilikuwa mimi."

Wakazidi kucheka.