Upepo Wenye Kifua

Kitu cha kwanza Euphrasia alichokiona ni mguu wa Suzana. Jirani huyo alikuja asubuhi kuomba makaa, akamkuta Mama Mwigulu ameketi mlangoni, kanyoosha miguu. Hakupiga hodi wala hakuamkia. Alimruka yule mama kama anavyorukwa gogo, akaingia jikoni.

"Mwangaluka, Suzana," mama alimsalimu.

Suzana akapuliza makaa yake.

Ilikuwa amri ya sungusungu. Walinzi hao wa kijiji cha Kharumwa walipokuwa wakimchapa kibarua Thobias mkutanoni, eti kaiba mawe ya dhahabu, mama alisimama katikati ya wanaume akasema, "Mnampiga kwa sababu aliwajibu, siyo kwa sababu aliiba." Kamanda wao alikuwa Mwigulu, mwanawe wa kumzaa. Akatangaza mama atengwe: asisalimiwe, asijibiwe, asipewe moto. Atakayemjibu naye atatengwa. Mwigulu alizoea kuamrisha vijana kwenye karasha la kusagia mawe. Amri hiyo nayo aliileta mpaka nyumbani. "Humu ndani pia," alimwambia Euphrasia, mkewe.

Wiki ya pili Bartholomeo, mlinzi mwenzake, alikuja kula. Mama akakohoa pale pembeni.

"Kamanda, nani huyo anakohoa?"

"Upepo."

"Lo! Upepo wa Kharumwa siku hizi una kifua!"

Wakacheka mpaka ugali ukawapalia.

Tangu hapo mama akaacha kusalimu. Kuku walidonoa hadi katikati ya vidole vyake, asiwafukuze. Siku moja alimnyooshea Euphrasia mkono. "Nishike, mkwe wangu. Nijue kama mkono wako hautapita ndani yangu kama hewani."

Euphrasia akainamisha macho, akaenda kuchota maji. Njia nzima aliogopa kurudi. Je, akimshika, na mkono ukapita kweli?

Jioni Mwigulu alinawa, akaelekeza kidole chumba cha mama, akasema, "Kesho toa kile kitanda. Chumba kimekaa bure, nitaweka magunia."

Mama alikuwa palepale mkekani. Hakutikisika. Hata pumzi yake haikusikika.

Euphrasia akaweka chini bakuli la mboga, akamshika mkono. Ulikuwa wa baridi, lakini haukupita. Vidole vya mama vikamkaza.

"Umeshika nini?" Mwigulu aliuliza taratibu.

"Nimemshika mama." Sauti yake ilikuwa ndogo, ila ilitoka. "Siku mawe yalipopotea, Thobias alishinda shambani kwetu tangu alfajiri. Mimi ndiye niliyempelekea uji. Nilijua, nikanyamaza."