Kidevu Chini, Alphée

Naanza kwa kukiri, maana wenzangu watakuambia hata nikinyamaza: kahawa ile niliipika mimi.

Mimi ni Délima wa Ozime, mwenye ufunguo wa jiko la ukumbi wa kanisa hapa kijijini Pointe-à-Zénon, na kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyekunywa kahawa Jumapili ya bingo ila imepita mkononi mwangu. Kwetu jina moja halimtoshi mtu. Alphée tunao wanne, kwa hiyo unataja na baba, na ikibidi babu. Ninayemsimulia ni Alphée wa Edmour wa Dosithée, mume wa dada yangu Zélica, na mwita namba wa bingo tangu enzi nywele zake zilipokuwa bado kichwani.

Mwita namba kwetu si mtu mdogo. Padri akikosea Injili anasamehewa kabla ya sadaka. Lakini yule anayechomoa vipira na kusoma herufi na namba ya kila kimoja kwenye kipaza sauti, huku watu mia mbili wameinamia kadi zao na kalamu za wino, kila mmoja akiomba mstari wake ujae kwanza ili apige ukelele wa "Bingo!" na kuondoka na paja zima la nguruwe, huyo hana ruhusa ya kukosea.

Mwezi wa pili kiharusi kikampiga Alphée akizoa theluji mlangoni kwake. Mkono ukarudi, mguu ukarudi. Ulimi ukachelewa, kama mume aliyepitia baa. Akisema, maneno yanatoka yameshikana mikono kama watoto wa chekechea wanaovuka barabara. Akinywa maji, yanakata kona kuelekea mapafuni, na yeye anakohoa mpaka picha ukutani zinakaa upande.

Hospitali ikamtuma Myriam Haché, mtaalamu wa usemi na umezaji, binti mwembamba mwenye begi la vijiko na vioo. Alikuja kila Jumanne na Ijumaa, jikoni kwa Zélica. Nami nilikuwepo kila mara, si kwa umbea, nilikuwa napeleka mkate. Haya, na umbea kidogo.

"Mjomba, toa ulimi. Kulia. Kushoto. Juu, kama unalamba pua."

Alphée akautoa mbele ya dirisha, na Padri Normand ndio kwanza anapita barabarani. Padri akasimama, akatafakari dhambi zake, akaendelea na safari.

"Sasa sema 'aaa' kwa nguvu, hesabu kumi moyoni."

"Aaaaaa!"

Mbwa wa jirani akaitikia. Wa jirani wa pili akaitikia.

"Shemeji," nikamwambia, "bingo ya mbwa umeshaipata."

"Wewe ny... nyamaza," akasema, na Myriam akapiga makofi kwamba neno limetoka safi. Basi nikawa sehemu ya tiba. Kila nikimchokoza, ananitukana vizuri zaidi.

Tatizo lake lilikuwa haraka. Miaka yote ameita namba kama mvua ya mawe, na sasa ulimi haufuati.

"Kwa nini unayakimbiza maneno, mjomba? Kuna anayeyafukuza?" Myriam akamshika kidole. "Gonga meza. Kila ukigonga, kipande kimoja cha neno. Tha. La. Thi. Ni."

Na kwenye kunywa alikuwa na wimbo wake, nikaukariri mpaka nikauota: "Kidevu chini mpaka kifuani. Funda dogo. Meza. Meza tena. Sasa sema kitu, nisikie kama sauti ina maji."

Tena kulikuwa na unga. Mweupe, hauna ladha wala harufu. Unatia kijiko kwenye kinywaji, unakoroga, unasubiri, na baada ya dakika chache chai imekuwa uji, ili isimkimbie kooni.

"Hii si kahawa," Alphée alisema siku ya kwanza, akigonga kidole kila kipande. "Hii ni gun-di."

Wakati huo kipaza sauti kilikuwa kwa Réginald wa Ludger. Réginald anasoma namba kama mtu anayesomewa hukumu yake mwenyewe, kisha anapenga kamasi bila kuzima mtambo. Lakini kiti amekizoea, na watu wa Réginald ni wengi. Mama yake alizaa kumi na wanne.

"Namheshimu Alphée," akasema kwenye kikao cha kamati, "ila bingo si hospitali."

"Na pua yako si ngoma ya kanisa, lakini tunaisikiliza," nikasema.

Ozélie, mwenyekiti wetu, akapiga meza. Sheria kwetu ni hii: asiyesikia namba hapigi kelele. Anagonga kikombe mezani, na mwita anarudia. Ozélie akaamua, "Jumapili Alphée aite raundi moja. Vikombe vitatu vikigongwa, kiti ni cha Réginald mpaka mmoja wenu azikwe. Visipofika vitatu, kiti ni cha Alphée. Sitaki kusikia neno tena."

Jioni ile nilimkuta Alphée kwenye ngazi za nyuma ya nyumba yake, anagonga goti kwa kidole.

"Shemeji," akasema taratibu, "nikikosa kile kiti, Jumapili nitakaa wapi?"

Nikakaa kando yake, nikagonga goti langu pamoja naye, bila utani. Ilikuwa mara yangu ya kwanza tangu ubatizo.

Jumapili ukumbi ukafurika. Watu wamekuja kutoka ng'ambo ya mto, wengine na mito ya kukalia. Zélica alikuwa amenipa unga wa Alphée wa mwezi mzima, nami nikaumimina kwenye kopo la zamani la maziwa ya unga, kwa sababu mfuko wake ulikuwa umepasuka. Nikaliweka kopo jikoni, pembeni ya kopo la maziwa lenyewe. Umeona linakokwenda.

Hapa kwetu maziwa hutiwa humo humo kwenye pipa la kahawa, tangu tulipogundua kwamba yakiwekwa mezani yanaondoka na Exilda, mcheza bingo mwenzetu, ndani ya sidiria. Nilikuwa namsimulia Lorette, msaidizi wangu wa jikoni, habari za daktari wa meno na mkewe wa tatu. Mdomo ukaenda upande wake, mikono upande wake. Kopo zima likaingia pipani. Nikakoroga. Nikagawa vikombe mia mbili, kahawa bado nyepesi kabisa, maana unga ule hauna haraka. Hata cha Alphée nilikichota humo humo, nikamtilia kijiko kutoka kopo la pili, nikidhani ndilo la unga wake, nikijisifu kwa uangalifu wangu.

Alphée akakaa. Myriam alikuwa safu ya mbele, mikono ameikalia. Kipira cha kwanza kikatoka.

"B. Sa-ba."

Hakuna kikombe. Kalamu zikapaka. Zélica akapumua.

"N. Arobainini..." Hofu ikamshika, akaanza kukimbia. "Nambili!"

Ko! Kikombe cha kwanza, dada yake Réginald, bila shaka. Alphée akarudia, wakasikia. Namba iliyofuata ikateleza tena. Ko! Cha pili, dada mwingine. Réginald akajiegemeza kwenye kiti, akatabasamu, akainua kikombe chake kama mtu aliyeshinda uchaguzi, akabugia funda la kibabe.

Funda halikuteremka. Lilikaa pale, likatafakari. Macho ya Réginald yakatoka, mashavu yakajaa, akatazama huku na huku, kisha akaanza kugonga kikombe mezani kwa nguvu zote. Ko! Ko! Ko! Kikombe kikapinduka, na kahawa haikumwagika hata tone.

"Cha tatu!" dada zake wakashangilia. "Kimegongwa! Kimegongwa!"

Lakini kila meza sasa kulikuwa na mtu mwenye mdomo umejaa anayemtazama mwenzake kwa macho ya mbuzi. Exilda alikuwa ananing'iniza kijiko, na kikombe kinakifuata. Mtu akapiga kelele kwamba tumelishwa sabuni.

Hapo ndipo sauti ikatoka kwenye kipaza sauti, taratibu, na kidole kinagonga meza.

"Ré-gi-nald. U-si-ki-mbi-e. Ki-de-vu chi-ni. Mpa-ka ki-fu-a-ni."

Réginald akashusha kidevu.

"Wo-te. Ki-de-vu chi-ni. Me-za. Me-za te-na."

Watu mia mbili wakainamisha vichwa kwa pamoja. Padri Normand, aliyekuwa anaingia kuchelewa, akadhani tunasali, akavua kofia na kufanya ishara ya msalaba.

"Sa-sa se-me-ni ki-tu, ni-si-ki-e ka-ma sa-u-ti i-na ma-ji."

"Aaaaa!" ukumbi mzima ukaitikia, na huko nje mbwa wakajibu.

Réginald akaruka. "Vitatu vimefika! Nimegonga!"

"Uligonga kwa nini?" Ozélie akauliza.

"Nilikuwa nakufa!"

"Sikuulizi habari za kufa. Alphée aliposema kidevu chini, ulisikia au hukusikia?"

Réginald akatazama dada zake. Dada zake wakatazama kadi.

"Nilisikia."

"Kila neno?"

"Kila neno, Ozélie. Hata vipande vyake."

"Basi hakuna kikombe cha tatu. Alphée, endelea. Délima, wewe njoo hapa."

Sikwenda. Nilikuwa nimejificha nyuma ya pipa, nacheka na kulia kwa jicho moja moja, wakati Myriam ananipokonya kopo na kulichungulia.

"Mama Délima," akasema, "unga huu ulikuwa wa mwezi mzima."

"Mwanangu, umetumika vizuri."

Alphée akachukua kikombe chake, kidevu chini, funda dogo, meza, meza tena. Akachomoa kipira kimoja baada ya kingine. Hakukimbia.

"O. Si-ti-ni. Na. Na-ne."

Kwenye meza ya Réginald kikasikika kishindo, nikachungulia kutoka nyuma ya pipa. Haikuwa kikombe. Alikuwa ni Réginald mwenyewe, amesimama, kadi juu, kidevu bado kimeng'ang'ania kifuani.

"Bingo!" akasema, sauti haina hata tone la maji.