Ufa Nyuma ya Kalenda

Hakuwa na gari, wala baiskeli tangu ile ya kwanza ilipoibiwa. Hakuwa na shamba. Hakuwa na duka, ila kibanda cha mabati cha kupanga kwenye uchochoro wa nyuma ya soko, ambamo vioo vilisimama vimeegemea ukuta kama wagonjwa wanaosubiri daktari. Hakuwa na kitanda kisicholia mtu akijigeuza. Hakuwa na suti, kwa hiyo kwenye harusi alivaa shati la mikono mirefu na kukaa nyuma. Hakuwa na mtu wa kumwita bosi, isipokuwa yule aliyetaka kumkopa.

Mkono alikuwa nao. Mtaa mzima ulimwita Fundi Vioo, na aliyetaka kioo kikatike pale pale alipotaka alikwenda kwake. Aliweka rula, akapitisha chombo chake chenye kigurudumu kidogo kwenye ncha, akagonga kwa chini, na kioo kikaachana vipande viwili bila kelele. Hakurudia mstari. Anayerudia mstari, alisema, si fundi, ni mkwaruzaji. Mwisho alisugua pembe zote nne kwa jiwe ili zisimkate mteja. Mafundi wengine hawakujisumbua na jambo hilo.

Mjomba wake, kaka wa marehemu mama yake, alikuwa na jengo la ghorofa tatu kwenye barabara ya malori. Watu walimwita Mkono wa Birika kwa ubahili wake. Alilijua jina hilo na hakulikataa, kwa kuwa lilikuwa la bure. Hakuoa, na aliyemuuliza sababu alijibiwa kwa kutajiwa bei ya unga.

Kila baada ya miezi kadhaa mzee huyo alifika kibandani, akaketi juu ya kasha la misumari.

"Nikatie kile cha siku zote, mpwa wangu."

Cha siku zote kilikuwa kipande chembamba, upana wa vidole viwili, urefu wa kiganja.

"Dirisha gani hilo lisilopona, mjomba?"

"Kuna kidirisha changu kinavunjika."

"Watoto wanakirushia mawe?"

"Kinavunjika chenyewe. Wewe kata, usinihoji kama polisi. Bei gani?"

"Kwa mjomba ni bure."

"Basi nikatie viwili."

Fundi aliamini kwamba mzee alikuwa mpweke, na kwamba kioo kilikuwa kisingizio cha kuja kukaa na damu yake. Alizipenda ziara zile. Hata alikuwa akimwekea vipande tayari kwenye rafu.

Mzee alipofariki, wakili aliwaita ndugu ofisini kwake akawasomea wosia. Ulikuwa mfupi kama mkono wenyewe wa marehemu. Jengo lote alimwachia mpwa wake mkata vioo, "kwa kuwa ndiye atakayejua namna ya kulitunza."

"Kulitunza vipi? Huyu hata mende wa nyumbani kwake wamemshinda," alisema shemeji, mume wa dada yake mdogo, na ndugu wakacheka. Shemeji huyu alikuwa dalali wa nyumba, mwanamume wa viatu vinavyong'aa na simu mbili, asiyeweza kupita mbele ya ukuta bila kuukadiria bei. Walipofika nje alimshika fundi kiwiko na sauti ikashuka. "Shemeji wangu mpenzi, sasa umekuwa mtu. Usifanye lolote bila mimi."

Mwezi wa kwanza ulikuwa mtamu, na sioni sababu ya kuuficha utamu wake. Fundi alipanda ngazi za jengo lake taratibu, mkono kwenye ukingo, kama mtu anayepapasa ng'ombe aliyemnunua. Wapangaji walimwamkia kabla hajawaamkia. Nyumbani mkewe alikwisha kuchagua mapazia, ya rangi ya maziwa, kwa ajili ya nyumba watakayohamia.

Chumba cha chini, kinachotazama barabara, kilikuwa cha Mama Cherehani. Alikuwa mjane mnene, mcheshi, mwenye cherehani sita na wasichana sita wa kuzikanyaga. Cherehani yake mwenyewe ilikaa kwenye kona, chini ya kalenda kubwa ya miaka iliyopita.

"Baba mwenye nyumba, huu mlango wako vipi?" alimwuliza. "Zamani niliufunga kwa kidole. Siku hizi naufunga kwa bega, na bega lenyewe unaliona si dogo."

Fundi akaujaribu. Fremu ilikuwa imelala upande. Akaufuata ukuta kwa macho kutoka mlangoni hadi kwenye kona, akaona mstari mwembamba unaoingia nyuma ya kalenda. Akaitungua.

Nyuma yake palikuwa na ufa, umepanda kutoka sakafuni hadi darini, nao unapita katikati ya nguzo. Katika usawa wa kifua, juu ya ufa, palibandikwa kipande cha kioo, kila ncha imeshikwa kwa donge la saruji. Upana wa vidole viwili, urefu wa kiganja. Pembe zote nne zilikuwa zimesuguliwa kwa jiwe, na kioo kilikuwa kimepasuka katikati. Juu yake na chini yake palikuwa na alama za madonge ya zamani, jozi kwa jozi, kama makovu ya chanjo.

Hakuhitaji kuelezwa. Kioo hakivutiki wala hakipindi. Ukikibandika juu ya ufa na ukuta ukasogea hata kwa unene wa unywele, kinapasuka. Mjomba alikuwa akiuliza ukuta swali, na kila mara ukuta ulimjibu. Kila mara naye alikwenda kwa mpwa wake kuchukua swali jingine, bure.

"Marehemu alikuwa akija na kopo lake la saruji," Mama Cherehani alisema nyuma yake. "Ananiambia, 'Nakutengenezea ukuta, wewe shona.' Na mwezi ule ananipunguzia kodi. Mkono wa Birika apunguze kodi! Nikawaambia hawa wasichana, huyu mzee ananitaka."

Wasichana wakacheka. Fundi akairudisha kalenda msumarini, akasema atashughulikia mlango.

Jioni ile alimpeleka shemeji kuona. Shemeji alipapasa ufa kwa kidole kimoja, akapangusa kidole kwa leso.

"Weka kioo kipya," alisema. "Paka chokaa. Ninaye mnunuzi, ana haraka, hapendi kuuliza maswali. Atakupa pesa ambazo kibanda chako hakitazitoa hata ukikata vioo mpaka wajukuu waote mvi."

"Na likianguka?"

"Likianguka litamwangukia yeye. Shemeji, majengo yote ya mji huu yana nyufa. Mjomba wako kalala nalo miaka yote, na kafia kitandani."

Maneno hayo yalimwingia, kwa sababu alitaka yamwingie. Asubuhi iliyofuata alikata kipande, akakoroga saruji, akakibandika. Alijiambia kwamba kikikaa kizima mpaka siku ya mauzo, basi jengo lina afya na roho yake imetulia. Na kama hakitakaa? Hilo hakujiambia.

Tangu siku hiyo alipita pale kila asubuhi, akainua kalenda, akachungulia, akaishusha. Kioo kizima. Alipaswa kufurahi. Lakini kila lori lilipopita barabarani aliinua kalenda tena. Nyumbani alihesabu hela za mauzo akilini kabla hazijaja, na katikati ya kuhesabu aliwaona wale wasichana sita wameinamia cherehani, na hesabu ikapotea, akaanza upya. Alitamani mnunuzi aje upesi, na papo hapo akaogopa kuja kwake. Mkewe alimwonyesha kipande cha pazia, naye akakitazama kama mtu aliyeonyeshwa sanda.

Kisha ukaja mkasa wa kioo cha kabati. Mteja alileta kioo kizuri, kizito, cha kupunguzwa upande mmoja tu. Fundi aliweka rula, akapitisha chombo, na mstari ukaenda kombo. Akarudia mstari. Kioo kikapasuka hovyo, mapembe mapembe, mpaka kwenye meza.  Mteja aliutazama mkono, akamtazama fundi usoni kama mtu anayetafuta fundi mwingine. Fundi alilipa kioo cha watu, akafunga kibanda mchana kweupe, akashika njia ya barabara ya malori. Mfukoni alikuwa na kipande kingine, tayari kimesuguliwa pembe. Hakujua ni lini alikikata.

Aliinua kalenda. Kioo kilikuwa kimepasuka, na nusu moja ilikuwa imepanda juu kidogo kuliko nusu ya pili.

Alibandua donge la kwanza kwa bisibisi, akatia mfukoni vipande vya zamani, akatoa kipya. Alikuwa amekwisha kukoroga saruji kwenye kopo aliloliacha hapo mara ya kwanza, ndipo Mama Cherehani aliposimamisha cherehani yake.

"Na wewe mwezi huu utanipunguzia kodi?" aliuliza.

Aliuliza kwa kicheko, lakini jicho halikucheka. Alilitazama kopo, akakitazama kioo, akamtazama tena yeye, na fundi akajua kwamba mwanamke huyu amekuwa akijumlisha mambo kwa muda mrefu na sasa amekaribia jawabu.

Akaweka kopo chini.

"Toeni cherehani nje," alisema.

"Nini?"

"Toeni zote. Na vitambaa. Wewe binti, panda juu, waambie watu wa ghorofa zote washuke na watakachoweza kubeba. Kodi zenu za mwezi huu njooni mzichukue kwangu. Mama Cherehani, huu ukuta unatembea. Marehemu alijua, na mimi nilijua tangu siku ile ya mlango."

Mwanamke alichomoa uzi kwenye cherehani yake.

"Ningekutukana," alisema, "lakini mikono yangu ina kazi." Akaikumbatia cherehani yake, akatoka nayo mlangoni ubavu ubavu.

Fundi alibeba nne kati ya zile sita. Mpaka jua linashuka jengo lilikuwa tupu, na barabara imejaa magodoro.

Shemeji alifika na simu zote mbili mkononi.

"Umejichimbia kaburi. Mnunuzi amesikia. Utarudi kwenye kibanda chako cha mabati."

"Sikuwahi kutoka."

"Sikiliza. Nina jamaa yangu pale ofisi ya majengo ya manispaa. Akienda yeye kukagua, ataandika kwamba jengo ni zima. Wiki mbili tu, wapangaji wapya, mnunuzi mpya. Wewe nyamaza, hiyo tu ndiyo kazi yako."

Fundi aliona kwamba hilo linawezekana. Aliona pia kwamba mwezi mmoja tu wa shida ungemfanya yeye mwenyewe aone wazo si baya. Hapo ndipo alipoamua kuandika.

Asubuhi aliketi mezani kwake. Mkewe alipangusa meza, akamwekea kalamu.

"Mapazia nilikwisha kuyachagua," alisema mkewe.

"Najua."

"Bahati njema sikuyanunua. Andika."

Aliandika kwa mkurugenzi wa manispaa, si kwa ofisi ya majengo, na nakala kwa wakili: "Mimi ndiye mwenye jengo. Nguzo yake ya kona imepasuka na inaendelea kusogea. Nimewatoa watu wote. Naomba likaguliwe, na mkiona inafaa livunjwe, nami sitadai fidia. Asipangishwe mtu yeyote humo, hata nikija kuomba mwenyewe. Naambatanisha ushahidi." Mstari ule wa "hata nikija kuomba mwenyewe" mkewe aliusoma mara mbili, akamrudishia karatasi.

Alizifunga zile nusu mbili za kioo katika kitambaa, akazitia ndani ya bahasha. Pembe zake hazikuweza kukata karatasi. Akalamba gundi, akakunja, akabonyeza kwa kidole gumba kutoka ncha hadi ncha, mara moja tu, bila kurudia.

Posta aliomba itumwe kwa rejista. Karani aliipima mkononi.

"Nzito. Kuna nini humu?"

"Kioo."

"Kitavunjika njiani, mzee."

"Kimekwisha kuvunjika. Gonga muhuri."

Karani akagonga, akamkatia risiti, akaitupa bahasha kwenye gunia.