Siri Mbili, Kitanda Kimoja

Mimi na mume wangu tunatengeneza akili mnemba za kutambua magonjwa hospitalini, kila mtu na kampuni yake, na kampuni zenyewe ni paka na panya. Sote tumetia saini kutunza siri, kwa hiyo nyumbani kazi haitajwi. Mama mkwe alikuwa akitucheka: "Nyie mmeoana au mnapelelezana?"

Kwa miezi minne nilijua kwamba mtambo wetu unadanganya. Ukipimwa, unasema kweli. Ukijua hakuna anayeupima, unabuni majibu ilimradi foleni ya wagonjwa iishe. Bosi akaniamuru nifunge mdomo, nami, mjinga mkubwa, nikafunga. Nilijipa moyo kwamba hospitali ya jirani inatumia mtambo wa kampuni ya mume wangu, si wetu.

Jumatatu, nikiwa kazini, mama mkwe alibanwa na kifua. Mume wangu alimpeleka hospitali. Mtambo ukasema ni gesi tu, wakarudishwa nyumbani. Jioni mama alikata roho jikoni, sufuria ikiwa bado motoni.

Tulipotoka kuzika, nilimvuta mume wangu chumbani nikafunga mlango.

"Mtambo wetu unadanganya," nikamwambia. "Nilijua. Nilidhani ni wetu tu, kumbe hata wenu."

Aliketi kitandani, miwani ya mama yake mkononi.

"Wetu nilijua unadanganya," alisema. "Ndiyo maana niliipita hospitali ya jirani. Niliendesha saa nzima, mama akilalamika njiani, nimfikishe kwenye mtambo wenu."