Ubeti wa Pili

Kwa miaka saba dada mtu na mdogo wake walikuwa wamewarusha watu kwa muziki mpaka viatu vikabanduka soli. Dada alikuwa mwimbaji. Mdogo wake, waliyembandika jina la Waya kwa sababu hakosi waya shingoni, alipiga vinanda vya umeme. Wimbo mzima ulikuwa na maneno matano, na mawili kati ya hayo yalikuwa "twende, twende". Watu waliyapenda, tusiseme uongo.

Ila dada alikuwa amechoshwa na twende. Meneja aliposikia kwamba albamu mpya ina nyimbo za kumkalisha mtu chini awaze, aliuliza, "Sasa mtauza usingizi?"

"Tutauza," dada akamjibu, "na wewe ndiye utakayekata tiketi."

Nyimbo nane zilikwisha kurekodiwa, na alijua ni nzuri kama anavyojua jina lake. Ulibaki wa tisa. Huo alikuwa na hakika nao kuliko yote, na ndio uliomnyima raha, maana ulibeba jambo ambalo Waya hakulijua. Kulisema kwa mdomo alikwisha jaribu mara tatu, akaishia kuomba chumvi.

Asubuhi ya kuurekodi walizima feni, wakaegemeza godoro dirishani kuzuia kelele za barabara. Ubeti wa kwanza ulimhusu mama yao, aliyefariki miaka mitatu nyuma wao wakiwa safarini, usiku wa onyesho lao kubwa kuliko yote. Ghafla, ndivyo Waya alivyoambiwa. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu dada, kifo kilimsaidia kuficha.

Akafumba macho, akaingia ubeti wa pili: "Simu ililia mchana. Mama mdogo akasema rudini, mgonjwa kazidiwa. Nikaizima, nikanyamaza, tukapanda jukwaani."

Kinanda kikakoma.

Waya alivua hedifoni, akaziweka mezani taratibu. "Ni kweli hii, au ni wimbo tu?"

Angeweza kusema ni wimbo tu. "Ni kweli," akasema. "Nilijua nikikwambia utaondoka."

"Ningeondoka. Mama alimtaka nani?"

"Wewe."

Waya alitoka. Dada alisikia bomba la maji likifunguliwa ukumbini, likaachwa litiririke muda mrefu. Aliogopa, lakini hakujutia hata neno moja. Mdogo wake akarudi uso umelowa, akaketi kwenye kinanda.

"Sijakusamehe, dada."

"Najua."

"Halafu umekosea. Hukunyamaza. Nilikuuliza nani kapiga, ukasema mtu kakosea namba. Ukacheka kabisa." Akavaa hedifoni. "Kama unaimba, imba hivyo."

Dada akachukua kalamu, akakata "nikanyamaza", akauandika uongo wake neno kwa neno. Kisha akauimba, macho wazi, mbele ya mtu aliyedanganywa.