Jina la Baba Mkwe

"Onja," askari akasema kutoka dirishani.

Orpa akamimina maziwa kwenye kifuniko cha kidumu, akanywa. Akamega ugali, akameza. Umwiza, mtoto wake aliyefungwa mgongoni kwa kitenge, alinyoosha mkono akitaka. Askari aliwatazama kama anayengoja mmoja wao aanguke.

"Hiyo ni mingi kwa mutu mumoja."

"Haiko peke yake mule, afande. Banagawana."

"Nani alikuambia?"

Orpa akafunika kidumu. Aliyemwambia alikuwa nyuma yake kwenye foleni: Viviane, jirani yake wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, ambaye kaka yake alitoka kizuizini humo majuzi miguu imevimba na bado mdogo wake alikuwa ndani. Ni stoo ya mabati, alisema. Watu wanalala kwa zamu kwa sababu hakuna fasi ya wote kunyoosha miguu. Ndoo ya haja iko karibu na vichwa. Anayeitwa alfajiri anapandishwa gari la Kampala, na nyumbani hawaambiwi.

Tangu mabomu ya Kampala, mwezi wa saba mwaka ule wa 2010, ambayo Wasomali walilaumiwa, kila siku ilikuwa na watu wake wa kukamatwa. Bienvenu, mumewe, alikutwa dukani kwa Msomali akimpelekea maziwa asubuhi. Waliokuwa pale walipakiwa wote, wakaletwa huku nje ya Mbarara. Dumu lake lilibaki mlangoni hadi maziwa yakaganda.

"Bwana yako ni Bienvenu nani? Baba yake ni nani?"

Orpa akakaza kitenge cha mtoto. Kwao Banyamulenge wa Kongo, mke hatamki jina la baba mkwe, hata mzee akiwa kaburini, hata yeye akiwa peke yake jikoni. Askari walipokuja nyumbani kuuliza, mama mkwe alikuwa ameketi hapohapo, na Orpa akajibu "Nehemiya", jina ambalo mzee alipewa kwenye ubatizo. Kanisani wote walimwita hivyo. Hakudhani linaweza kumdhuru mtu.

"Kadi yake ya mukimbizi inasema ingine," askari akasema. "Mutu ya majina mbili iko na kazi mbili."

"Ilikuwa heshima, afande. Kwetu hatutaji baba mukwe."

Askari akamgeukia mwenzake. "Sikia huyu. Anaogopa marehemu, mimi haniogopi." Kisha akainama dirishani, sauti ikashuka. "Sema. Ikifanana na kadi, naongea na mukubwa. Kama hapana, kesho anaenda Kampala na Basomali yake."

"Sema, dada," Viviane akanong'ona. "Mungu anaona roho."

Orpa alifumba macho. Alimwona mama mkwe akiacha kupepeta maharage, akimtazama.

"Rwakabuba."

"Sijasikia."

"Rwakabuba."

Askari aliitazama kadi. Akaitazama tena.

"Haya. Juzi ile, leo hii. Sasa mimi niamini gani?"

Akavuta kidumu ndani, akafunga dirisha.

Foleni ikatawanyika, wanawake wakishuka kuelekea mtaa wa Ruti. Orpa alizunguka ua hadi nyuma ya stoo. Seng'enge ilimfika kifuani. Juu ya mabati palikuwa na tundu dogo, na harufu iliyotoka humo ilimfanya Umwiza afiche uso.

"Orpa, utatuua," Viviane akasema. Alikuwa amekwisha kurudi nyuma.

Wenye jina la Bienvenu wangeweza kuwa wengi mule. Orpa akavuta pumzi.

"Mutoto wa Rwakabuba!"

Bati likagongwa kutoka ndani, polepole, kwa kiganja. Likagongwa tena.

"Nani huyo?" Askari wa kona aligeuka, akaishusha bunduki begani, akaanza kuja.

Viviane alikimbia. Mtoto mgongoni akaanza kulia. Orpa akashika seng'enge kwa mikono miwili, akalitaja jina lile tena.