Vumbi la Mirihi kwenye Bati la Izigo

"Umeipaka sola yangu matope! Unanisikia? Matope!"

"Siyo matope, tata," nikamwambia baba. "Ni vumbi."

"Nimeligusa kwa mkono wangu, mjinga wewe!"

Kweli, sasa lilikuwa matope. Ila jana asubuhi nilipolimwaga juu ya paneli kulijaribu lilikuwa kavu kabisa, nimelichekecha mwenyewe nikachanganya na majivu. Kule Mirihi vumbi linafunika sola mpaka mashine zinazima, na hakuna mtu wa kupanda kupangusa. Ndiyo nikafunga kimota nyuma ya paneli: kinaitikisa, vumbi linadondoka. Vasant, mwenye duka la sola kule Miembeni, Bukoba mjini, alisema nikimpelekea leo kinafanya kazi, ananipa meza ya ufundi nyuma ya duka lake.

Tatizo, Mirihi hakuna manyunyu. Hapa kwetu Izigo yapo. Vumbi likagandamana, kimota kikatetemeka bure, betri haikuingia chaji, na usiku taa za kunasia senene hazikuwaka.

"Wamepita juu ya bati langu wakaenda kwa jirani Lwakatare!" mzee akafoka. "Leo wakwe wa dada yako wanakuja. Niwape nini? Hilo vumbi?"

"Waitu, tafadhali Avit, omba msamaha," mama akasema.

"Si nimeomba asubuhi?"

"Umeomba unacheka!" mzee akadakia. "Wenzetu wanakaanga, harufu inafika mpaka hapa, huyu ananiambia Mirihi! Huko una shamba? Nani alishawahi kurudi na mkungu wa ndizi kutoka huko?"

"Na hapa kibanjani nani amepata nini?"

Mama akaziba mdomo. Babu amezikwa humo humo kwenye migomba.

Mzee akaenda mezani, akachukua kimota changu nilichokuwa nimekifungua kwenye paneli, akakishika juu ya moto wa mafiga.

"Sema hapa mbele ya mama yako. Nimekosa, siendi Bukoba, nabaki kupalilia. La sivyo kinaingia motoni."

"Vumbi nimekosea. Kubaki, sibaki."

Akakiachia. Plastiki ikayeyuka, moshi mweusi ukajaa jikoni, nyaya zikajikunja. Akanitazama, anasubiri nilie.

"Haya nenda! Nenda mikono mitupu Mhindi wako akucheke!"

"Acheke. Nitamuundia kingine palepale dukani kwake."

"Ukitoka, ebitoke vyangu usivile tena, hata ndizi moja!"

"Gozbert!" mama akampigia baba kelele.

Nikavaa ndala, nikatoka, nikaubamiza mlango.